Mama Kadi na Boksi Linalopumua

Huku kwetu Temeke mtu akishaondoka mtaani, watu humpaka sukari. Aliyekuwa mchoyo anageuka mwangalifu, aliyekuwa mgomvi anageuka mkweli. Mie sina sukari hiyo. Mama Kadi alikuwa mwanamke mkali, mdomo wake wembe, na miaka yote niliyomjua sikumsikia akimwambia mtu neno zuri akaliacha likae bila kulikata mkia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu yeye mwenyewe angenidharau nikisema vingine.

Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu akaanza kutengeneza kadi za mkono: za Krismasi, za Idi, za kipaimara, za harusi, za mtoto mchanga, na za pole. Utasema nani ananunua kadi siku hizi, watu wanatumiana maua kwenye simu. Zake walinunua. Walinunua kwa sababu ya boksi, na niseme habari ya boksi kwanza, maana bila boksi huyu mama haeleweki.

Alilitengeneza kwa manila, karatasi ngumu ile ya mashuleni, vipande viwili: kitako na kifuniko. Alipiga mistari kwa rula na peni iliyokwisha wino, akiikandamiza mpaka karatasi ibaki na mfereji, ndipo anakunja. Peni zake zote hazikuwa na wino. Ukimwomba peni uandike namba ya simu anakupa, unakwaruza, unakwaruza, hakitoki kitu, naye anakutazama tu. Pembe alizipasua kwa wembe, vile vipande vya pembeni, masikio, akavipaka gundi kidogo sana na kuvilaza ndani, juu yake akaweka pasi ya mkaa iliyopoa mpaka gundi ikamate. Kadi na bahasha zikiingia humo zinalala kama zimepimiwa, kwa sababu zimepimiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kifuniko. Alikikata kikubwa kuliko kitako kwa unene wa uzi, si zaidi. Akimaliza, anashika kifuniko kwa vidole viwili, anainua boksi zima juu ya meza, anangoja. Kitako kikishuka chenyewe polepole, kama mtu anayeteremka kitandani asimwamshe mwenzake, anasema, "Linapumua." Kisiposhuka, "Limekaza." Kikidondoka pu, "Limelegea." Lililokaza na lililolegea yote aliyatupa chini akayakanyaga, hata kama mwenye kazi amesimama pale anangoja.

Watu nao aliwagawa hivyo hivyo. Mwenye duka asiyekubali kukupa hata kamba ya kufungia mzigo, huyo amekaza. Mama anayejua nani kalala kwa nani, na anakuhadithia kabla hujakaa, huyo amelegea. Mchungaji wake mwenyewe alisema amelegea, akamwambia usoni baada ya ibada. Wanaopumua walikuwa wachache sana. Nilimuuliza siku moja, "Mie je?" Akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia. "Wewe bado hujakunjwa," akasema. "Wewe ni karatasi tu."

Mie nina mashine ya kukata karatasi Chang'ombe. Nilianza kwa kubeba marobota ya karatasi mgongoni, kijana niliyetoka kusini na darasa la nne, na leo mashine ni yangu, banda ni langu, na nyumba ninayolala hakuna aliyenichangia hata tofali. Nayasema hayo ili ujue alikuwa anamdharau nani.

Siku ya kwanza aliingia bandani bila hodi, akachomoa manila moja kwenye rundo langu, akaibonyeza kwa viganja viwili upande huu, kisha upande ule.

"Nani kakata hii?"

"Mie."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Inaonekana. Karatasi ina njia yake, baba. Inakubali kukunjwa upande mmoja. Wewe umeikata kinyume. Nikiikunja hii itapasuka mgongo."

"Mbona wenzio wananunua?"

"Wenzangu wanafungia maandazi."

Alipotoka, akasimama chini ya bango langu. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa nyekundu: TUNAKATA KARATASI ZAINA ZOTE. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nene nyeusi, ya wino hiyo, akaita kigoda. Vijana wa karakana ya jirani wakamletea mbio. Akapanda, akatenganisha neno, akapachika herufi iliyokosekana, akashuka akijifuta mikono. "Sasa someni," akawaambia wale vijana, nao wakasoma kwa pamoja kama darasani, wakicheka mpaka wakashika magoti. Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Nilikuwa Darasa la Nne mbele ya wateja, mbele ya wanangu, mbele ya mke wangu. Bango sikulibadilisha. Lilikuwa limesahihishwa, nilibadilishe la nini?

Wateja wake aliwatesa vibaya zaidi. Nilikuwepo barazani kwake siku alipokuja binti mmoja anayejiandaa na sendoff, sherehe ya kuagwa kwao, kaongozana na mama yake mdogo, simu mkononi.

"Shikamoo mama. Nataka maboksi ya kadi ya kuweka mezani kwa wageni, yang'ae, yawe na unga wa dhahabu, halafu juu ya kifuniko kila moja liwe na picha yangu."

"Marahaba. Picha yako hii ya sasa?"

"Ndiyo mama."

"Hapana. Watu watashindwa kula."

Yule mama mdogo akashtuka. "Jamani mama, bibi harusi huyu!"

"Najua. Ndiyo maana nimemwambia leo, asije akaambiwa na mumewe."

Binti akalia pale pale. Mama Kadi akamwacha alie, akaendelea kupiga mistari. Machozi yalipopungua akamsogezea boksi jeupe tupu, halina unga, halina picha, akamwambia alishike kifuniko na kuliinua. Kitako kikashuka taratibu. Binti akajifuta pua, akaliinua tena. Na tena. Akayachukua meupe. Mwaka uliofuata akamleta na mdogo wake, na huyo mdogo naye akalizwa.

Mashine iliponishika vidole vya mkono wa kulia, nilikaa nyumbani na bandeji kama mtu aliyeshika bakuli. Watu walikuja na machungwa na maneno laini. Mama Kadi akaja mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Unalia nini?"

"Vidole, Mama Kadi. Kazi yangu yote iko kwenye mkono huu."

"Acha kelele. Una wa kushoto."

Nilimfukuza. Niliamka kitandani nikamfukuza kwa sauti, na nyumba nzima ikasikia. Kesho yake nikapata habari kwamba yuko bandani kwangu, amekaa kwenye kiti changu, anakata kazi za wateja wangu. Alikaa pale mpaka bandeji ikatolewa. Niliporudi nikakuta nusu ya wateja wamekimbia kwa matusi, na nusu waliobaki wanakuja na vipimo vilivyoandikwa safi, kwa woga. Asante hakuitaka. Nilipoitoa akasema banda langu linanuka.

Nimwelezeje mtu kama huyo? Msibani hakuwa anakuja. Akina mama wote wa mtaa wanakaa mkekani, wanachambua mchele, yeye hayupo, na walimsema sana kwa hilo. Lakini kila nyumba iliyofiwa ilikuta kadi yake chini ya mlango, na za pole hakuwahi kumuuzia mtu wa mtaani. Mke wangu alipofariki nilikuta yangu. Nilijua kusoma vya kutosha. Iliandikwa: "Pole. Alikuvumilia."

Nilitaka kuichana. Nikaiweka mfukoni ili niichane mbele yake. Kutwa nzima watu walinishika mkono wakaniambia nijikaze, ni mapenzi ya Mungu, sote njia yetu ni moja. Maneno ambayo ungeweza kumwambia yeyote juu ya mke wa yeyote. Jioni watu walipopungua nikaitoa ile kadi nikaisoma tena, nikaona katika wote waliokuja, huyu ambaye hakuja ndiye pekee aliyesema habari ya mke wangu mwenyewe. Ninayo mpaka leo.

Sasa nifike kwa mwanae, maana ndiko jambo liliko.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, fundi AC. Alimlea peke yake, na alimfundisha boksi kabla hajamfundisha kusoma. Yule kijana akiwa mdogo alikuwa anakuja naye bandani kwangu, anabonyeza manila kwa viganja kama mama yake, ananiambia, "Mjomba, hii kinyume." Alipokua na kuanza kazi, mama akamjengea vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake, kwa ajili ya siku atakapooa. Alivipaka rangi mwenyewe. Alitengeneza hata boksi la funguo zake.

Kijana akapata mchumba Kinondoni. Baba wa binti alikuwa mjane, ana nyumba kubwa, na binti ndiye aliyekuwa anamtunza. Akawaambia, kaeni hapa kwangu, vyumba vipo, mtaniacha na nani? Kijana akakubali. Kwa watu wengine hilo si ishu. Kwa watu wa bara anakotoka Mama Kadi, mwanamume kuhamia ukweni ni aibu ya kufunika uso. Kijana alikuja kumwambia mama yake, na mimi nilikuwa barazani nimeleta mzigo wa manila.

"Mama, ni kwa muda tu. Mzee yuko peke yake."

"Na mimi nina watu wangapi humu ndani?"

Mama akarudi kwenye rula yake. Nilidhani yameisha.

Harusi ilifanyika ukumbini, Kinondoni hukohuko, na mie nilikaa meza ya upande wa bwana harusi. Ukafika wakati wa zawadi. Mama Kadi akapita mbele na boksi zuri kuliko yote niliyowahi kuona, manila ya rangi ya maziwa, na ndani kadi za kushukuru wageni, kila moja imekatwa kwa wembe ua la aina yake. Juu kabisa kulikuwa na kadi moja kwa bwana harusi. MC akaiinua, akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Hapa mama ameteleza kidogo, wazee wetu hawa! Mama anasema, mwanangu, hongera kwa kuoa!"

Mama Kadi alikuwa bado amesimama. "Soma kilichoandikwa," akasema.

"Mama?"

"Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Sikuteleza. Soma kilichoandikwa."

Yule MC akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na wa kumwokoa. Akasoma: "Mwanangu, hongera kwa kuolewa."

Wachache wakacheka, wale wanaochekaga kabla ya kusikia. Kisha ukumbi ukanyamaza, mpaka spika ikawa inasikika inavyokoroma. Bibi harusi aliinamisha kichwa. Bwana harusi alimtazama mama yake mpaka mama akakaa. Miaka mingi baada ya hapo kijana hakukanyaga Temeke.

Naye mama hakurudi nyuma. Watu walipomwita kwa jina la mwanae, mama wa fulani, kama tunavyoitana, aliwakatiza. "Mimi sina mtoto. Nilikuwa naye, akaozeshwa. Niiteni Mama Kadi." Ndipo jina hilo lilipoanzia, kabla ya hapo alikuwa na jina kama mama yeyote. Vile vyumba viwili akavijaza manila akatia kufuli. Ukimuuliza habari za mwanae, anakuuliza habari za jambo linalokuuma wewe. Watu wakaacha kuuliza. Mie niliuliza mara moja, akaniuliza kwa nini wanangu hawaji kula Idi kwangu.

Miaka ikaenda. Halafu mvua za masika zilizopita, jirani akamkuta ameanguka kando ya meza yake, rula mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Maneno yalimtoka yamelowa, na ilibidi umzoee ndipo umwelewe. Mie nilimwelewa upesi, kwa sababu nilijua tangu mwanzo kwamba ni tusi.

Nilipokwenda kumwona, hakutaka pole. Alinionyesha kwa kidevu rundo la manila.

"Kunja," akasema.

"Nikunje nini?"

"Boksi. La kupeleka Kinondoni."

Nikamtazama. Akatazama ukuta.

Nilikunja siku nyingi mbele ya mwanamke yule, na sijawahi kudhalilishwa namna ile hata nilipokuwa nabeba marobota. Limekaza. Limelegea. Limekaza, una vidole vya muhogo. Kukanyaga hawezi, kwa hiyo aliniambia, "Kanyaga," nami mtu mzima nikawa nasimama nakanyaga kazi ya mikono yangu. Mwishowe moja likapumua. Akaniagiza niweke ndani kadi zake alizotengeneza zamani, zile zisizo na maandishi.

"Nikuandikie neno?" nikamuuliza. "Useme, mie niandike."

"Kwa darasa la nne lako? Peleka hivyo hivyo."

Nikaenda. Nilimkuta kijana, mtu mzima sasa, uani kwa mkwewe, ameifungua AC ya mtu juu ya meza. Mkewe alikuwa kizingitini anapepeta mchele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mzigo wako huu."

Alilitambua boksi kabla sijalitua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akashika kifuniko kwa vidole viwili, akainua. Kitako kikashuka taratibu, na mie nikajisikia fahari.

"Hili hakukunja yeye," akasema.

"Umejuaje? Si limepumua?"

"Limepumua. Lakini gundi imejaa pembeni mpaka inatoka jasho. Mama hapakagi gundi hivi."

"Nimekunja mie. Mama yako kapata kiharusi. Mkono wake wa kulia umekufa."

Mkewe akatua ungo chini. "Lini, mjomba?"

"Tangu masika."

Kijana alikuwa anatazama pembe za boksi. Alizitazama sana. Kisha akasema bila kuinua uso, "Ana wa kushoto."

"Jamani!" mkewe akasema. "Mama yako huyo!"

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo zamani, nikiwa na bandeji, kwa sauti nyingine.

Niliporudi Temeke alikuwa ameketi akinisubiri, ingawa hakutaka nijue. "Kasema nini?"

Mwingine angemdanganya mgonjwa. Mie sina tabia hiyo. "Kasema una wa kushoto."

Ile nusu ya mdomo iliyokuwa hai ikapanda. "Rudia."

"Una wa kushoto."

"Huyo ni wangu," akasema. Tangu siku ya ukumbini sikuwa nimemsikia akisema hivyo. Kisha akasema, "Niletee wembe."

Sikuwahi kuona kazi mbaya kama ile. Rula aliikandamiza kwa kiwiko kilichokufa, peni akaishika kwa kushoto kama mtu anayeshika kijiko cha moto, mstari ukaenda kama njia ya siafu. Wembe ulimkata mara nyingi kuliko ulivyoikata manila. Nilipotaka kumsaidia akanitukana, nilipoondoka akanitukana kwa kuondoka. Yaliyoharibika nilikanyaga mie, kwa amri. Mpaka siku moja akamaliza moja, limepinda upande, kifuniko kipana, alama ya kidole cha damu ndani ya kitako. Akashika kifuniko akainua. Kitako kikadondoka pu.

Nikanyanyua mguu. "Nikanyage?"

Akalisukuma kwangu. "Peleka."

Kijana aliliinua kwa vidole viwili kama lile la kwanza. Likaanguka pale pale, kadi zikatapakaa uani. Akapiga magoti akaziokota moja moja, akazipangusa vumbi kwa kiganja. Alipoona ile alama ya damu akaacha kuokota.

"Limelegea," akasema. Akaingia ndani, nikasikia bomba linamwaga maji muda mrefu, maji ya bure tu. Mkewe akaniletea chai. Niliinywa, kisha nikaondoka.

Jumapili akaja Temeke na pikapu. Mie nilikuwepo. Alisimama mlangoni, mama kwenye kiti, na hakuna aliyesema shikamoo wala marahaba.

"Mama, twende."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwako ni wapi?" Nusu ya mdomo tu, lakini wembe ulikuwa mzima.

Nikasema moyoni, basi, atageuka aondoke, na safari hii itakuwa ya mwisho. Kijana akavuta pumzi. "Kwa mkwe wangu, Kinondoni," akasema. "Ndiko nilikoolewa."

Katika miaka yangu yote na yule mwanamke, hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitafuta neno akalikosa. Kijana akamwinamia, akambeba kama unavyobeba kitu ambacho gundi yake haijakauka, akampakia mbele. Nyuma tukapakia meza, rula, pasi, na manila yote kutoka vile vyumba viwili. Kijana alipofungua kufuli na kuona rangi ya kuta, aliyoipaka mama kwa mkono wake, alisimama hapo nikamwacha.

Mtaa ulipoa. Watu walisema wamepumzika, na baada ya muda wakaanza ile sukari yao. Mie nikawaza: yule mama sasa anakula mezani kwa baba mkwe wa mwanae, analala chini ya paa la mkwe, anasema asante kwa chai ya mkwe. Nikakata manila, kwa njia yake, siyo kinyume. Nikakunja boksi, nikalipima nyumbani, likapumua. Ndani nikaweka kadi moja, nikaiandika kwa mkono wangu, sikumwonyesha mtu. Sikwenda kumwonea huruma. Aliwahi kunipa mie huruma gani?

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha dirishani. Baba mkwe anatazama mpira, mwanae ameketi mkekani, mke wa mwanae anamenya viazi. Nikamwekea boksi magotini. Akafungua kwa kushoto, akatoa kadi, akaisogeza karibu na macho. Nilimwona anakwenda herufi kwa herufi, anatafuta kosa. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Nani kakusahihishia?"

"Hakuna."

Akamnyooshea kadi mke wa mwanae. "Soma."

Yule dada akafuta mikono, akaipokea, akaisoma kimya. Uso ukambadilika. Alinitazama kama mtu niliyeingia ndani na nyoka. "Ni ya pongezi, mama," akasema haraka. "Mjomba anakupongeza kwa... kwa kuhamia."

"Soma kilichoandikwa."

Maneno yake yote yalikuwa yanatoka yamelowa. Hayo yalitoka makavu. Mwanae akainua kichwa. Mzee akapunguza sauti ya mpira.

Dada akashika kadi kwa mikono miwili. "Mama Kadi," akasoma, "hongera kwa kuolewa."

Hakuna aliyecheka. Mama Kadi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyomwitikia mwanafunzi aliyesoma sawa, na hakuondoa macho yake kwa yule binti.

"Tena," akasema. "Kwa sauti. Baba yako asikie."

Akasoma tena, kwa sauti. Mzee akasikia. Mama Kadi akaichukua kadi, akaiweka kifuani upande ule ulio hai, akaiacha hapo. Yule binti akainama akaendelea na viazi, lakini alikuwa amekivuta kigoda chake karibu na kile kiti.

Kisha Mama Kadi akanigeukia mie. Akashika kifuniko kwa vidole viwili vya kushoto, akainua boksi, akangoja.

"Limekaza," akasema.

Halikuwa limekaza. Nililipima mwenyewe kabla sijatoka nyumbani.